Aliyekiona Kipini

“Mtamba ni wangu!”

“Wako kwa lipi? Ni wangu!”

“Baba mdogo, bibi, nawaheshimu nyote wawili. Lakini mtamba ni wangu.”

Hapo zamani, juu katika milima ya Upare, enzi ambazo ahadi ya mdomo ilitosha na hakuna aliyeomba karatasi, watu watatu walisimama uani kwa Bi Namkunda wakigombana hivyo. Walimgombania mtamba mmoja, mweusi tii, mwenye baka jeupe kifuani kana kwamba amemwagikiwa maziwa. Sokoni angebadilishwa kwa mbuzi kumi na wawili, na mwenye mbuzi angeondoka anacheka.

Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa, siku ya harusi. Wakwe walikuwa wameshafika kwenye mlango wa ua, wanaimba, jasho linawatoka, vibuyu vya pombe ya muwa mabegani. Bi harusi mwenyewe alikuwa mmoja wa wale wagomvi watatu. Na katikati yao alisimama Bi Namkunda, mama yake bi harusi, kamba ya mtamba mkono wa kulia, kipini cha dhahabu mkono wa kushoto, uso umemwiva.

“Waambieni wakwe wakae kitako,” alisema. “Leo hapa havishwi mtu kipini, wala hatoki mtu mlangoni, mpaka nimelipa ninachodaiwa. Nami nitalipaje, nyie watatu na ng’ombe mmoja?”

Wakwe wakakaa kitako. Nanyi kaeni, niwarudishe nyuma siku nne, mpaka Jumatatu.

Bi Namkunda alikuwa mjane, muuza maharage. Hakufundishwa na mtu. Hesabu alijifundisha kwa punje za maharage, na haki alijifundisha kwa kudhulumiwa. Kibaba chake kilikuwa kibaba kweli: hakutia kidole ndani alipokupimia, wala hakukitikisa alipopimiwa. Hasira zake zilikuwa moto wa nyasi kavu, fyu zimewaka, fyu zimezima, ila aliyekuwa karibu aliungua nyusi. Na neno lake lilikuwa moja. Hata neno lako wewe alilifanya liwe moja, upende usipende.

Muulizeni Sengondo, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mwaka mmoja kabla ya mambo haya Sengondo alimwambia, “Shemeji, nipalilie shamba langu la viazi, nitakupa mbuzi.” Bi Namkunda akapalilia siku tatu, mgongo ukakaribia kukatika. Sengondo akaja na paja la mbuzi limefungwa kwenye jani la mgomba. Bi Namkunda akalitazama paja, akamtazama shemeji.

“Na mbuzi aliyebaki yuko wapi?”

“Aa, shemeji! Nilikusudia paja. Mtu yeyote angeelewa.”

“Mdomo wako ulisema nini?”

“Ulisema mbuzi.”

“Basi mlete anayelia.”

Sengondo akamleta anayelia. Mkumbukeni mbuzi huyo. Sengondo hakumsahau hata siku moja.

Sasa, mtu wa namna hii, mtu wa neno moja, kiumbe gani atamchukia kuliko wote? Kinyonga. Sokoni, mteja akiagiza maharage mekundu kisha akataka ya njano, Bi Namkunda alimfukuza: “Nenda, kinyonga we! Asubuhi rangi hii, jioni rangi ile!” Na Mungu ana utani wake. Kinyonga dume, mwenye pembe puani, alikuwa amehamia kwenye mpera wa Bi Namkunda, kando ya jiko. Mama alitaka kumfukuza kwa fagio. Nanzia, binti yake wa pekee, alimkingia kifua. Alimpenda kwa ule mwendo wake, hatua moja mbele, nusu nyuma, anayumba kama jani linalopepewa, na akamwita Bwana Pole.

“Bwana Pole amepita kizingiti cha tawi leo, mama.”

“Alianza lini?”

“Juzi.”

Basi Jumatatu ile, harusi ikiwa imebaki siku nne, Bi Namkunda alikifungua kitambaa akatoa kipini. Kilikuwa kipini kidogo cha pua, kichwa chake kama punje ya mtama. Bibi yake alitoka nacho kwao siku aliyoolewa. Mama yake alitoka nacho. Yeye mwenyewe alitoka nacho. Bi harusi wa ukoo ule akitoka bila kipini, husemwa ametoka bila mama zake, na huko aendako hatapata wa kumwonea haya. Kwa hiyo mama alikisugua kwa ndimu na majivu, akakifunga kwa uzi mweupe, akakining’iniza kwenye tawi la mpera kikauke. Upepo ukakizungusha. Kikametameta. Kikazunguka huku, kikazunguka kule, kinang’aa. Bi Namkunda akaingia jikoni kugeuza makande. Kutoka, uzi umekatika, kipini hakipo.

Hapo ndipo mngemjua Bi Namkunda. Alipekua mchanga. Alipekua majivu. Aliwashuku kuku, na kuku wawili walipasuliwa firigisi kabla ya adhuhuri, wasio na hatia yoyote. Mwishowe alisimama katikati ya ua, kanga imemvuka begani, majirani wamejaa, akapiga kelele hata bonde likajibu:

“Atakayekiona kipini changu, awe nani awe, mtamba wangu mweusi ni wake! Nimesema!”

Hakusema atakayekileta. Hakusema atakayekirudisha mkononi mwangu. Alisema atakayekiona. Nanyi mnaijua lugha yetu. Mtu akikitafuta kitu akakipata, husema, nimekiona. Na mtu akikitazama tu kwa mbali, kikampita, naye husema, nimekiona. Neno ni hilo hilo, lina milango miwili, na hasira haikuchungulia mlango wa pili.

“Nimekiona,” ikasema sauti chini ya upenu.

Alikuwa Sengondo. Alikuwa amelala pale kwenye ngozi tangu asubuhi, akingojea makande.

“Umekiona wapi, shemeji?”

“Kwenye mpera. Kimeliwa.”

“Na nani?”

“Na yule kinyonga wa mwanao. Mimi nilikuwa nimelala, jicho moja wazi. Yeye yuko kwenye tawi, na kati yake na kipini kuna nafasi ya mkono mzima kasoro kiganja. Jicho lake moja linanitazama mimi. Jicho la pili linatazama kipini. Nikasema moyoni, huyu anawezaje, macho yangu mimi hayajui kutazama ila mahali pamoja! Halafu yale macho yakageuka yote mbele, yakakielekea kipini. Mdomo ukafunguka kidogo. Kisha pya! Ulimi! Shemeji, ulimi mrefu kuliko mwenye ulimi! Ncha yake nene kama rungu, ina utelezi wa ulimbo. Ukagusa, ukarudi, kipini ndani, uzi ukakatika. Sikupepesa hata kope.”

“Na wewe ukafanya nini?”

“Nikacheka.”

“Ukacheka!”

“Nilidhani ni nzi. Nilicheka jinsi nzi yule alivyokuwa amependeza.”

“Na mbona hukusema, kuku wangu wawili wanakufa?”

“Hukuniuliza mimi, shemeji. Uliwauliza kuku.”

Watu wakacheka hadi wakashika magoti. Bi Namkunda hakucheka. Alikimbilia mpera. Wote wakakimbilia mpera. Wakatazama tawi kwa tawi, jani kwa jani, na Bwana Pole hayupo. Mpera ule ungeweza kuuhesabu majani, lakini kinyonga hayupo! Hawakujua kwamba alikuwapo, amejibana bapa kama jani, na walipokuja upande huu wa tawi yeye alihamia upande ule, na walipokwenda upande ule yeye alirudi huu, jicho moja likiwahesabu wa kulia, jicho la pili likiwahesabu wa kushoto. Jua likashuka hawajamwona.

“Leteni shoka,” alisema Bi Namkunda. “Naukata mti.”

“Kata,” alisema mwanamke mmoja, anafuta udongo mikononi. “Kata, Mama Nanzia. Atashuka wakati unasomba matawi, atapanda mti mwingine, na utabaki huna kipini na huna mapera.”

Huyo alikuwa Nakijwa, mfinyanzi, jirani wa chini ya mteremko. Miaka arobaini amechimba udongo bondeni. Ana wajukuu watano na hana hata kifaranga. “Nipe mpaka kesho asubuhi,” alisema.

Jumanne asubuhi Nakijwa akaja na chungu kichwani. Akakitua, akakifunua. Ndani, juu ya kijiti, alikuwamo kinyonga mwingine, dume, mwenye pembe vile vile.

“Tunatafuta mmoja, wewe unaleta wa pili?” alisema Bi Namkunda. “Unataka kumaliza vipini vya kijiji?”

“Mama Nanzia, kwa nini wa kwanza humwoni?”

“Kwa kuwa ni mnafiki! Amegeuka rangi ya jani ajifiche.”

“Uongo huo. Rangi ya jani amezaliwa nayo, hana haja ya kuigeukia. Mimi ninakaa nao huko bondeni. Asubuhi ya baridi huwa mweusi, alivute jua limpashe moto. Akilala hufifia. Akiona jike hujiremba kama anakwenda ngomani. Na akikasirika, ngoja uone mwenyewe. Kinyonga hageuki ili akudanganye. Anageuka kwa sababu moyo wake hauna pazia, kinachopita ndani kinaonekana nje. Mnafiki ni yule ambaye moyo unageuka na ngozi imebaki vile vile.”

Kisha Sengondo, pale pale kwenye ngozi yake, akasema polepole, “Shemeji, kumbe ni ndugu yako wa damu.”

Uso wa Bi Namkunda ukaanza kuiva tangu kidevuni kwenda juu.

“Huyo! Huyo! Anabadilika!” wakapiga kelele majirani, na safari hii hata yeye midomo ilimcheza.

Nakijwa akakitia kile kijiti katikati ya mpera. Mgeni akapiga hatua moja, akayumba, akapiga ya pili. Watu wakatulia tuli. Mara kwenye tawi la chini kabisa, pale walipokuwa wametazama mara mia, jani moja likavimba! Likavimba, likawa na pembe. Likapata mistari ya njano, mistari ya chungwa, mabaka ya buluu, mdomo wazi, shingo imetuna, linafoka, linayumba kwa ghadhabu: Nani huyu? Nani huyu kwenye mpera wangu? Na pembeni mwa mdomo ule ulining’inia uzi mweupe, mfupi kama kope.

“Uzi wa kipini ule!” alisema Nakijwa. “Nimekiona.”

Sasa nani amshike? Watu wote walirudi nyuma.

“Asimguse mtu!” alisema Sengondo. “Akikuuma hakuachii mpaka radi ipige!”

“Basi tuombeeni mvua, baba mdogo,” alisema Nanzia, akanyoosha mkono.

Lakini Bwana Pole hakutoka. Nyayo zake ni koleo la mhunzi, vidole viwili upande huu, vitatu upande ule, na mkia ameuzungusha kwenye tawi mara tatu. Ukimvuta utamng’oa mguu. Nanzia akachukua panga akakata tawi lenyewe, Bwana Pole juu yake, akalisimika katika chungu cha Nakijwa kilichojaa udongo, na chungu akakiweka katikati ya sinia lenye maji, kwa kuwa kinyonga si mwogeleaji. Mgeni wa Nakijwa akarudishwa bondeni kwake, ameshinda au ameshindwa, sijui.

“Haya,” alisema Sengondo. “Kisu.”

“Cha nini?” aliuliza Nanzia.

“Cha kupasua. Kuku wawili wamepasuliwa bure, huyu ana kitu.”

Bi Namkunda alikuwa na kisu mkononi tayari. Akasogea. Bwana Pole akamtazama kwa jicho moja, na kwa jicho la pili akakitazama kisu. Alikuwa amerudia kijani chake, ameacha ugomvi wote.

“Mama,” alisema Nanzia, “alidhani ni nzi. Hakuiba, amekosea. Mimi sitavaa puani damu ya mtu aliyekosea. Chakula kina njia mbili, na moja haihitaji kisu. Nipe siku.”

“Harusi Ijumaa!”

“Nipe mpaka Ijumaa.”

Mama akamtazama mwanawe, akaona msimamo ule ni wake mwenyewe, umerudi kwake kwa sura ya kijana. “Mpaka jua linapochomoza Ijumaa,” alisema. “Likichomoza kabla ya kipini, nakata. Na mimi nikisema nimesema.”

Sikilizeni sasa kazi ya bi harusi. Wasichana wengine juma la harusi husuguliwa liwa, hupakwa mafuta, hukatazwa hata kubeba kikombe. Nanzia alikimbiza panzi majanini. Alimlisha Bwana Pole panzi kumi na saba Jumanne ile, na kila panzi aliondoka pya! Alitandaza jani la mgomba chini ya tawi. Jua liliposogea, alisogeza chungu, kwa kuwa alikuwa amemchunguza miezi mingi na alijua hili: kinyonga hana moto wake mwenyewe, tumbo lake hufanya kazi kwa moto wa jua.

Jumatano ukungu ukashuka mlimani, baridi ikakaza, jua likagoma. Bwana Pole akawa mweusi kama sufuria, akatulia, na tumbo lake likafunga duka. Nanzia akamtoa kwenye tawi safari hii kwa upole, kidole kimoja baada ya kingine, akamweka begani chini ya kanga, akakaa mbele ya mafiga mchana kutwa. Kungwi wake akaja na bakuli la liwa, akakuta pembe zinachungulia kwenye shingo ya bi harusi, akaliacha bakuli mlangoni akaenda zake.

“Mwanangu,” alisema Bi Namkunda kutoka upande wa pili wa moto, “kesho kutwa utanuka moshi.”

“Nitanuka nyumbani, mama.”

Mama akasukuma kuni ndani. Akaongeza nyingine, kubwa zaidi.

Alhamisi jua likatoka. Nanzia akamrudisha kwenye tawi, akamwelekeza ubavu mashariki. Weusi ukamtoka kidogo kidogo, kijani kikaingia. Panzi wa kwanza, pya. Panzi wa pili, pya. Mchana jua la utosi, watu wakila, Bwana Pole akainua mkia.

Nanzia akaokota kijiti, akachokoa kilichokuwa juu ya jani la mgomba. Kikametameta.

“Nimekiona!” alipiga kelele. “Mama! Nimekiona!”

Na hapo, badala ya vigelegele, vita vikaanza. Viliwaka Alhamisi alasiri, vikalala, vikaamka na Ijumaa, na wakwe wakavikuta.

Sengondo akasema: “Shemeji, nani alikuwa wa kwanza kusema nimekiona? Mimi. Nilikiona kikiwa kipini, kinang’aa, kinaingia mdomoni. Bila jicho langu mngekuwa mmeshamaliza kuku wa kijiji, na leo mnapasua mbuzi. Huyu Nakijwa angemletea nani dume mwenziwe, kama hakujua kuna kinyonga? Unasema nilikuwa nimelala. Ndiyo, nilikuwa nimelala. Ulisema atakayekiona amesimama? Mwaka jana nilisema mbuzi nikikusudia paja. Mdomo ulisema nini? Mbuzi. Nikatoa mbuzi. Mwaka huu mdomo wako umesema nini? Atakayekiona. Nilikiona mimi. Mtamba ni wangu.”

Nakijwa akasema: “Huyu alikiona kikipotea. Kuona kitu kinapotea ndiyo kukiona? Basi hata mwizi hukiona. Kijiji kizima kilitazama mpera mchana kutwa, na macho ya Sengondo yakiwamo, nanyi hamkuona kitu. Nilikuja mimi, nikamfanya mwenye kipini ajitaje mwenyewe. Na uzi wake niliuona kabla ya mtu yeyote. Aliyeliona ghala ameyaona mahindi. Usinitazame kwa huruma, Mama Nanzia, najua unawafikiria wajukuu wangu. Huruma weka, mimi nataka changu. Nilikiona mimi. Mtamba ni wangu.”

Nanzia akasema: “Baba mdogo aliona ulimi. Bibi aliona uzi. Kipini chenyewe, tangu kilipopotea, jicho la kwanza kukiona ni hili langu. Nimekimbiza panzi, nimekaa motoni, nimechokoa kwa kijiti kitu ambacho nyote mlikifungia pua.”

“Wewe ni mtoto wa nyumba,” alisema Sengondo. “Mtoto hadai zawadi kwa mama yake. Cha mama ni chako.”

“Leo jioni nitakuwa wa nyumba gani, baba mdogo? Huko niendako, mke aliyekuja na ng’ombe wake haulizwi maziwa anayokunywa ni ya nani. Mama, ulisema awe nani awe. Ulisema isipokuwa mwanangu? Nilikiona mimi. Mtamba ni wangu.”

Bi Namkunda aliwasikiliza wote. Akimsikiliza Sengondo, alisema moyoni, kweli. Akimsikiliza Nakijwa, alisema moyoni, kweli. Akimsikiliza Nanzia, alisema moyoni, kweli, ila huyu namsikiliza kwa sikio la mama, nalo halipimi sawasawa. Limetia kidole kibabani.

“Auzwe,” alishauri mkwe mmoja kutoka mlangoni, mjomba wa bwana harusi. “Mbuzi kumi na wawili, kila mtu wanne. Tuondoke na bi harusi, jua linapanda.”

“Ulisikia nimesema mbuzi?” alifoka Bi Namkunda. “Nilisema mtamba. Mzima, anayelia. Hapa hapatolewi paja!”

Sengondo akainamisha kichwa, lile lilimwingia.

“Na kama ni kukiona tu,” aliendelea mama, sauti inapanda, “basi hamkukiona ninyi kwanza. Wa kwanza kukiona ni yule pale juu! Alikiona kwa jicho moja, akakithibitisha kwa yote mawili! Nimpe yeye mtamba?”

Wote wakatazama mpera. Bwana Pole alikuwa amesharudishwa kwake, ameshika tawi, mkia umezunguka. Jicho moja lilimtazama Bi Namkunda. La pili lilimtazama mtamba.

“Mama mkwe,” aliita shangazi wa bwana harusi, mwanamke mwenye mdomo mchangamfu, “tangu Jumatatu kuku wawili wamekwenda, kungwi amekimbia, wakwe tumekaa chini na vibuyu. Aliyekiona kuliko wote si ni wewe? Umekiona cha mtema kuni!”

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Nakijwa alicheka akimshika Sengondo bega. Nanzia alicheka mpaka wanja ukamtiririka. Na Bi Namkunda, uso wake ulipita rangi zote, wekundu wa hasira, weusi wa aibu, na mwishowe rangi moja ambayo hawakuwahi kuiona kwake, laini, ya mtu anayekaribia kulia akicheka. Hakuficha hata moja.

Lakini kamba hakuiachia. Kicheko kilipokwisha, kamba ilikuwa bado mkono wa kulia, kipini mkono wa kushoto, na mikono mitatu imenyooshwa mbele yake.

Mimi nimewaacha hapo hapo. Jua linapanda. Pombe ya wakwe inachacha. Nanzia pua yake iko wazi, na mama yake hatamvisha kipini ambacho bado kinadaiwa. Hadithi nimewapa nzima, inayolia, sikuwaletea paja. Sasa ninyi ndio mnaodaiwa. Msiniambie wagawane. Msiniambie wote walistahili. Hilo ni jibu la mtu anayetia kidole kibabani. Alisema atakayekiona.

Nani alikiona? Nipeni jina moja.